Mshahara Niliouona Mtandaoni na Mkataba wa Mwalimu Rubeni

Shikamoo Mama Mshauri,

Nisaidie kabla ya Jumatatu, maana jambo hili limenikaba. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari hapa Lushoto, na aliyenifanya niipende hesabu ni Mwalimu Rubeni, alinifundisha darasa la tatu kijijini kwetu, juu kule Rangwi, enzi zile ukungu unafika hadi mlangoni mwa darasa na yeye anatugawia maharage ya kuhesabia, kipindi kikiisha tunayachemsha tunakula, na mama alipougua ni yeye aliyeninunulia sare, nikizikumbuka siku zile machozi yananitoka.

Wakati ule ukimaliza chuo serikali ilikupangia kituo, na mshahara wa mwalimu aliujua hata muuza kabichi sokoni. Siku hizi ni soko huria, kila mtu anajitafutia, na Mwalimu amestaafu, anawatafutia walimu kazi Marekani. Mwezi uliopita aliniita kwake Mombo akanipa mkataba, nikaupokea kwa mikono miwili nikatia sahihi bila kuusoma, kwani kwetu kusoma karatasi mbele ya mkubwa wako ni kumwambia humwamini. Nyumbani nikaona dola elfu kumi na nane kwa mwaka, nikafurahi.

Juzi, kwenye duka la intaneti, nikakuta tovuti ya serikali ya kule ambako kila mwajiri anayeomba viza ya kumleta mgeni kazini huandikwa, jina lake, kazi, mji na mshahara, wazi kwa yeyote. Shule zilezile zilizotajwa kwenye mkataba wangu, mwalimu wa hesabu, mwaka huuhuu, elfu thelathini na sita! Na Jumatatu Mwalimu anataka pasi yangu na vyeti halisi. Dada yangu Secilia anasema, "Hata nusu ni nyingi, usimuudhi mzee." Nifanyeje?

Paskalina, Lushoto

Marahaba, Paskalina.

Barua yako imenikumbusha mwalimu wangu mwenyewe. Sasa nikugombeze. Mwalimu wa hesabu mzima unatia sahihi bila kusoma? Heshima ni kumwamkia mkubwa na kumpisha kiti, haijawahi kuwa kufumba macho.

Ulichofanya si umbea. Kumbukumbu zile zimewekwa wazi ili watu kama wewe wasipunjwe. Ila usizichukue kama msahafu. Ni kile mwajiri alichoiambia serikali yake. Rudi ukahakikishe kazi, mji na mwaka, uone na walimu wengine wa shule hizo wameandikiwa ngapi, kisha uchapishe. Waandikie shule wenyewe pia, uwaulize watakulipa kiasi gani na kama kuna mtu wa kati anayekata chochote.

Jumapili nenda Mombo, na Secilia umchukue. Mwamkie Mwalimu vizuri, weka mezani mkataba na ile karatasi uliyochapisha, umuulize ile nusu nyingine inakwenda kwa nani. Pasi na vyeti viache nyumbani, hata akikasirika. Sahihi isikutishe, maadamu pasi unayo wewe hakuna wa kukupeleka popote.

Huenda naye amedanganywa na mawakala wa Dar wanaomletea mikataba hiyo, basi atakushukuru. Na huenda alijua. Hapo utalia, mwanangu, nami sikukatazi. Lakini mwalimu unayemlilia, yule wa maharage na sare, atakuwa alishaondoka miaka mingi kabla wewe hujamuuliza.