Sauti za Kwenye Wimbo Wangu

Jumapili, Kibirichia

Kanisa lote liliimba kiitikio changu mpaka nikaogopa. "Sauti ziliniita, nikaamka." Wimbo huo niliuandika kuhusu ile miezi niliyolazwa hospitali, nikiitwa na watu ambao hawakuwepo. Wao wakadhani aliyeniita ni Mungu. Pasta akapaza sauti, "Amina!" Nami nikainua mkono.

Baada ya ibada Mama Mutuma, jirani yangu, akanivuta kando.

"Kananu, hizo sauti ulizisikia na masikio kabisa?"

"Ndiyo, mama."

"Mutuma wangu pia anazisikia. Usiku anazijibu. Huo si ugonjwa?"

Ningesema ukweli hapo. Lakini wanakwaya wenzangu walikuwa wamesimama karibu, wanasikiliza.

"Ni Mungu, mama."

Akanishika mikono yote miwili, machozi yakimtoka. "Asante, mwanangu. Kesho nilikuwa nimpeleke hospitali. Sasa wacha akae tu nyumbani."

Nimemeza dawa yangu sasa hivi, mlango nimeufunga kwanza, kama mwizi.

Shamba la viazi tu ndilo linalotutenganisha. Kutoka hapa kitandani namsikia Mutuma akizijibu.