Mama Ameuliza Kama Apande

Jumanne, Novemba

Puto la hali ya hewa tulilorusha kituoni asubuhi bado linapaa kichwani mwangu, jeupe, likipotea juu ya Kizota huku likitupimia upepo wa kila kimo.

Mchana mama alipiga simu kutoka Haneti. "Mawingu yamejaa huku. Nipande mtama?"

"Subiri kidogo, mama. Bahari upande wetu imepoa, ya Indonesia ina joto. Upepo unasukuma unyevu kwenda kule, mvua zetu zitachelewa."

Alicheka. "Kwani nao wanalima mtama?" Kisha akasema taratibu, "Haya. Nitakusikiliza wewe."

Mbegu alizonazo zinatosha kupanda mara moja tu. Na mimi nimesoma vipimo vya bahari nzima, si vya shamba lake.

Sasa huku nyumbani kwangu Mkonze kunanukia mvua. Nimekaa dirishani, mimi binti wa mkulima, naomba isinyeshe.