Baba, Bunda Walikulilia kwa Jina Langu

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini kuanza bila kukuamkia nimeshindwa.

Nyumbani ni wazima. Tumehamia kijijini, karibu na barabara, kama ilivyoamriwa, na boma letu la zamani limebaki mahame. Kaburi lako tumelizungushia miiba, ng'ombe wasilikanyage. Dada Wakuru hulipalilia. Mimi nikija kutoka Musoma hupitia kwako kwanza, kisha ndiyo naenda kwake. Mtama mwaka huu umekubali.

Leo nina habari ambayo siku ya mazishi sikuwa nayo. Kuna watu Bunda walikaa matanga yako, Baba. Walipika, wakalala chini, wakanyoa. Hujawahi kuwaona hata mmoja.

Unamkumbuka Masatu, yule niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja pale Iringo, mjini Musoma? Nilikuja naye nyumbani wakati wa mavuno. Ulimsimulia ujana wako, ulivyomvuta ndama kwenye tope ukabaki na mkia mkononi, akacheka hadi akashika mbavu. Baadaye akafukuzwa kazi kwenye kinu cha pamba tulikokuwa tukifanya kazi wote, na siku moja akaondoka bila kuniaga. Tangu siku hiyo cheti changu cha shule na kadi yangu ya chama sikuviona tena. Nilijilaumu mwenyewe. Nilisema nimevitupa na takataka.

Kumbe alikwenda kijiji kimoja huko Bunda akasema yeye ndiye Magesa, mwana wa Matiku. Kwa kuwa alikuwa na cheti, wakampa duka la kijiji alisimamie. Akamwoa binti wa pale, Nyangeta, akaahidi kwamba ng'ombe wa mahari watatoka zizini kwako. Na wewe akakuchukua. Kila alichosikia kwako na kwangu alimsimulia mkewe kama habari za baba yake.

Kisha ukafariki. Nikapeleka tangazo redioni. Pale dukani redio ilikuwa wazi, watu wamejaa wananunua chumvi, mara wakasikia: Ndugu Magesa Matiku anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, kilichotokea Butiama. Wote wakageuka kumtazama. Nyangeta anasema mumewe aliweka mikono miwili juu ya meza, machozi yakamtoka. Sijui alikuwa akilia nini. Wanawake wakaleta unga, wazee wakaja kumpa pole. Kesho yake akapanda lori la pamba, akasema anakwenda kumzika baba. Mkewe alikuwa mjamzito, akamkataza kumfuata.

Hakurudi.

Nyangeta akangoja mpaka akajifungua. Mtoto alipopata nguvu akambeba, akaja Butiama kumtafuta mumewe. Dada Wakuru akanitumia maneno kwa dereva wa lori: "Njoo haraka. Mkeo amefika na mtoto." Bahati mbaya dereva alimkuta Rebeka nyumbani, mimi niko kazini. Mkweo unamjua, Baba. Tulisafiri pamoja hadi Butiama, na njia nzima hakunitazama.

Nilimkuta Nyangeta uani, nywele alizonyolea matanga yako bado fupi.

"Mume wangu ni Magesa Matiku," alisema.

Nikamwambia, "Magesa Matiku ni mimi."

"Wewe siyo."

Sikuwa na hasira. Nilimwonea huruma, maana nilimwona anavyotafuta pa kushika. Akaniuliza, "Kama ni wewe, mzee alikuwaga anakuitaje?"

Nikasema, "Mgeni. Kwa sababu nilikuwa nikitoka shule ya misheni, mbwa ananibwekea kwetu."

Akakaa chini palepale. Jina hilo Masatu alimwambia ni lake. Rebeka, aliyekuja na moto wake, akamtoa mtoto mgongoni mwa mwenzake akambeba.

Siku ya pili tulikwenda kuripoti polisi Bunda, mimi, Nyangeta na balozi wetu wa nyumba kumi. Askari alinisikiliza, akaniuliza jina. Nikamtajia. Akacheka. "Magesa Matiku tunamtafuta sisi. Ameacha duka la watu akatoroka. Umejileta?" Cheti sina, kadi sina, na kijiji kizima kinalijua jina langu kwa sura nyingine. Balozi alieleza, askari akaona ni ndugu zangu wananitetea.

Nyangeta ndiye aliyesimama. Alisema, "Afande, huyu ndiye mwenye jina. Yule ni mume wangu tu."

Fikiria maneno hayo yanavyomtoka mwanamke mwenye mtoto mchanga. Askari akaacha kucheka, akaandika.

Haikuisha siku hiyo. Nilikwenda na kurudi. Mwalimu wangu wa zamani alikuja kunitambua, na watu wa kile kijiji wakaitwa wanitazame, wakatikisa kichwa mmoja mmoja: siye. Masatu walimkamata Buhare kwa mjomba wake, karibu kabisa na mimi. Hakukana. Nilimuuliza kwa nini, akasema kwa jina lake hakuna aliyekuwa tayari kumwajiri. Kisha akasema, "Na wewe ulikuwa na baba, Magesa. Mimi wangu simjui hata sura." Amefungwa. Mimi nimepewa kadi mpya na nakala ya cheti, ingawa pale kinuni bado wananitania: "Wewe ni wa kweli au wa Bunda?" Siku nyingine nacheka.

Likabaki jambo moja. Mtoto anaitwa Matiku. Nyangeta alimpa jina mwenyewe, kwa heshima ya mkwe aliyeambiwa amefariki. Wazee wa ukoo walikaa. Baadhi walisema jina lirudi, limeibwa kama mengine. Dada Wakuru akawaambia, "Mtoto ameitwa na ameitika. Mnamvua vipi?" Wakanigeukia mimi, kwa kuwa wewe hupo. Nilisema libaki. Kama nimekosea, Baba, kosa ni langu.

Nyangeta aliomba aonyeshwe kaburi. Alilia sana pale, nikamuuliza, "Shemeji, unamlilia mumeo au mzee?"

Akajibu, "Mume atatoka. Mzee hatoki."

Sasa wapo kwao Bunda, wanalima pamba. Pamba ikishauzwa watakuja, Rebeka ameshamtayarishia mtoto shuka.

Pumzika, Baba. Nakuahidi mtoto huyo nitamweleza yeye ni mwana wa nani, na baba yake akitoka sitamzuia kumwona. Habari zako nazo nitamsimulia mimi mwenyewe, polepole, na nisipozijua vizuri nitamuuliza mama yake.

Mwanao,
Magesa