Gari Linalokonyeza

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kakataa kupanda gari. Hakufoka. Kasema kwa utulivu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Jana jioni tukitoka kwa dada yake, kila besi ikipiga taa za mbele zinafifia. Kwenye kona nusura tumgonge mwendesha baiskeli. Akaniambia zima. Nikazima, taa zikarudi.

Leo asubuhi ndipo kasema. Tumbo hili la miezi minane halipandi gari linalokonyeza watu barabarani. Nikaapa sitafungua muziki. Akasema ananijua, nitazima hadi utokee wimbo ninaoupenda. Jumapili ikifika gari bado linakonyeza, anakwenda kujifungulia kwa mama yake. Safari ya siku nzima! Kazi haitaniruhusu kumfuata. Mtoto nitamwona ameshajua kucheka.

Ningeuza sabufa, hiyo spika kubwa ya besi, yaishe. Lakini naipenda. Niandike tu ukweli, hapa hakuna anayesoma.

Jumatano, 5 Machi

Fundi redio anasema gari lina njaa ya umeme. Nimefunga betri mpya, kubwa. Jioni nikaliegesha mbele ya ukuta wa gereji, nikawasha taa, nikafungulia muziki.

Ukuta ukakonyeza.

Alhamisi, 6 Machi

Leo altaneta kubwa zaidi, ile inayozalisha umeme wa gari, na waya mnene kama kidole gumba. Ule wa hasi, unaotoka kwenye betri, nimeufunga mwenyewe kwenye bodi, chini ya boneti, palepale ulipokuwa wa zamani. Huko nilipaka rangi mwezi uliopita. Kupaka magari ndiyo riziki yangu, na langu linang'aa hata pasipoonekana.

Ukuta bado unakonyeza. Mama mkwe kapiga simu, kauliza kwa upole kama gari langu bado linatongoza watu. Nikacheka. Moyoni sikucheka. Nilipokata simu nikamwona mke wangu anakunja vinguo vya mtoto, anavipanga kwenye begi.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kabla sijasahau ujinga wangu ulivyokuwa mtamu.

Fundi wa kuchomelea, jirani yangu hapa gereji, hunigombeza kila mara. Leo pia, kwenye gari la mteja. "Bwana Rangi, hata hapa umepaka? Koleo langu litashika nini? Umeme haupiti kwenye rangi. Kwangua bwana, nifanye kazi." Nikachukua msasa, nikakwangua kama siku zote. Akabana koleo, cheche zikaruka.

Nikabaki nimesimama na msasa mkononi.

Umeme wa taa na wa sabufa, wote unarudi kwenye betri kupitia bodi. Na mimi mlangoni pake, pale waya unaposhika bodi, nimeupakia rangi—tabaka tatu, na ya kung'arisha juu yake. Nikakimbilia boneti, nikafungua bolti. Chini yake rangi nyeusi, safi, haina hata mchubuko. Kazi nzuri sana. Kuikwangua kuliniuma kidogo, sikatai. Nikakwangua hadi chuma kikawa cheupe, nikakaza waya upya.

Ukuta ukatulia. Nikapandisha sauti, ukatulia vilevile. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi nilikipaka kwa mkono wangu! Nilikaa sakafuni nikicheka hadi fundi wa kuchomelea akaja kuuliza kama nimevuta rangi nyingi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kajaribu mwenyewe. Kachagua wimbo mzito kuliko zote, kasimama kando ya ukuta, mikono kiunoni. Wimbo ukaisha. "Haya," akasema. Basi.

Begi limefunguliwa. Kampigia mama yake: njoo wewe. Mchana nimelala usingizi ambao sijaupata wiki nzima.

Ijumaa, 28 Machi

Naandikia kwenye usukani, nje ya hospitali. Hakujapambazuka vizuri.

Uchungu umemshika usiku wa manane. Barabara giza tupu. Muziki nilikuwa nimezima, naapa. Katikati ya njia akanishika mkono: weka ule mzito, sitaki mnisikie ninavyolia. Nikasita. Mama mkwe akasema kutoka nyuma, "Mwekee mwanangu. Taa nitaziangalia mimi." Nikaweka. Besi ikapiga mpaka viti vikatetemeka. Barabara yote mbele yetu nyeupe, haikufifia hata mara moja. Nilimsikia mama mkwe akishusha pumzi.

Mkunga kamchukua mke wangu, na mama yake nyuma yao. Mimi nimeambiwa nisubiri. Nimesubiri. Hofu ya mwezi mzima imeniachia.

Mlango umefunguliwa. Ni mama mkwe. Taa nilisahau kuzizima, zinammulika usoni. Mkono mmoja kaziba mwanga, wa pili ananiita. Mbona hatembei haraka? Anasema kitu, sisikii. Kashusha mkono, anacheka.

Kama sijakosea, amenikonyeza.