Kisima Kifuani mwa Adeer

Jumanne, Garissa. Joto lilianza saa mbili asubuhi na halijapungua. Nimekula chakula cha mchana nikamaliza sahani, jambo ambalo sikuliweza jana.

Adeer hapasuliwi kifua.

Ni mdogo wa marehemu baba yangu, mchimba visima wa Bute. Wiki tatu zilizopita kifua kilimbana akiwa malishoni na ngamia wake. Wenzake wakamchoma kwa chuma cha moto, tiba tuliyoizoea kwetu, na siku nzima ikapotea kabla hajaletwa kwangu, mtaa wa Iftin hapa Garissa. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Nairobi walimzibua mshipa mmoja wa moyo, kisha wakapitisha kamera nyembamba kama uzi ndani ya mshipa wa pili, ambao ukuta wake umejaa mafuta. Kama mafuta hayo yangekuwa karibu kupasuka, angehitaji upasuaji, naye alishaukataa. "Nimechomwa, inatosha."

Leo tulikwenda kusikia jibu la picha, kwa daktari wa moyo anayefika hapa mjini mara moja kwa mwezi. Nilikuwa na maswali kumi na moja daftarini. Mimi ni mwandishi wa habari; nimehoji wakubwa na majambazi.

Sikuuliza hata moja.

Daktari alitugeuzia kompyuta. Mshipa ulionekana kama duara jeusi lenye kingo za kijivu.

"Hii kisima," Adeer akasema.

"Ni mshipa wako, mzee."

"Najua. Lakini ukisimama juu ya kisima uangalie chini, ni hii bicha. Hapa udongo imesukuma. Sasa niambie, ukuta yenye imeshika hiyo udongo ni nene ama ni nyembamba?"

Daktari akanitazama kana kwamba nimemfundisha mzee swali hilo. Akasema hicho ndicho kipimo chenyewe: unene wa utando unaofunika mafuta. Ukiwa mwembamba hupasuka. Wa Adeer ni mnene. Dawa zitatosha, mradi azimeze kila siku na asiguse mafuta ya nundu.

"Hata ya ngamia yangu mwenyewe?"

"Hata ya ngamia wako, mzee."

Adeer akanigeukia. "Basi utakula wewe, adeer. Wewe moyo yako haina kazi." Kwetu baba mdogo na mtoto wa nduguye huitana jina hilohilo, kwa hiyo nilijua tusi ni langu.

Niandike na hili, kwa kuwa ni kweli. Tukiwa kwenye ambulensi kwenda Nairobi, yeye akipumua kando yangu, niliandika tanzia yake daftarini. Aya tatu safi, zisizo na kosa, zenye nafasi moja tupu ya tarehe. Sijui kama ulikuwa woga au mazoea ya kazi.

Jioni hii nimeufungua ukurasa ule. Nimekata kila mstari kwa kalamu, nikabakisha ile nafasi ya tarehe. Nimeijaza siku yake ya kurudi kliniki.