Jibu la Pak Darmaji

Solo, 4 Machi 1986

Mama mpendwa,

Horas, kama tusalimianavyo nyumbani. Mimi mzima, sijui hali ya magoti yako.

Mama, nimemposa Wening mimi mwenyewe. Nilimkabili baba yake, Pak Darmaji, nikamwuliza waziwazi: "Baba, utaniozesha Wening? Ndiyo au hapana?" Akatabasamu. "Ndiyo, ndiyo. Kunywa chai, mwanangu." Nikanywa. Akasifu mvua. Nimerudi chumbani sijui kama nina mchumba au nimefukuzwa. Nampenda mno, nishauri.

Mwanao,
Binsar

Balige, 19 Machi

Binsar mwanangu,

Horas. Magoti yanauma, ila mdomo ni mzima. Mtu akisema ndiyo, ni ndiyo. Rudi ukamwulize tarehe. Sisi watu wa ziwani hatumung'unyi maneno, na marehemu baba yako hakunywa chai ya mtu kabla hajajibiwa.

Mama yako

Solo, 2 Aprili

Mama,

Salamu. Sijambo kwa mwili tu. Nimeuliza tarehe. Tabasamu lilikuwa pana kuliko lile la kwanza, ila chai haikuletwa. Wening kaniambia nisiende kwao kwa sasa. Nimekosa nini? Ningetukanwa ningeelewa.

Mwanao

Balige, 20 Aprili

Mwanangu,

Salamu, na pole. Nimemwendea Bu Ratmi, mwalimu wa hapa aliyezaliwa huko Solo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Anasema huko kijana haombi mke kwa kinywa chake. Anayekwenda ni mzazi, akazungumza mengine, ili mwenye nyumba akiwa hataki asilazimike kutamka hapana. Wewe umemkaba koo mzee wa watu, nami nikakusukuma mgongoni. Naona haya. Napanda basi wiki ijayo. Tukifika kwao, wewe fumba mdomo.

Mama yako

Solo, 3 Juni

Mama,

Horas. Natumaini ile safari haikukuvunja mgongo. Nisamehe nilivyokununia pale kituoni.

Lakini Mama, ulikaa barazani kwao asubuhi nzima ukisimulia samaki wa ziwani na dawa za magoti. Pak Darmaji akakuonyesha tetere wake, mmoja mmoja, ukamsikiliza kila ndege. Ukasifu vitumbua vya mkewe. Ukasema nyumba yako ina ukimya tangu Baba afariki, wao wakasema pole, ukaaga. Posa hukuitaja, na Wening hukumtaja hata jina. Nilijua umeniharibia kila kitu, na njia nzima nilikuwa karibu kulia.

Leo mama yake Wening kanisimamisha sokoni. Kaniuliza, kwa upole wao ule, kama mwezi wa tisa utawafaa wageni wa kwetu. Nikamwuliza wageni wa nini. Wening, aliyekuwa nyuma ya mama yake na kikapu, kacheka, kaniita mjinga mbele ya wauza pilipili wote.

Nina furaha tele, Mama. Ila nieleze, maana nilikuwa nimekaa pembeni yako muda wote: uliomba saa ngapi?

Mwanao,
Binsar