Mpira Ndani ya Foku

Jumanne, 13 Juni 1995

Priscila, mhudumu wetu wa afya, ameanguka na baiskeli. Mteremko wa Bukiriro, ule wa mawe, saa nne asubuhi. Foku ya mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, ilizama upande mmoja, gurudumu likakata kona lenyewe, naye akarushwa juu ya usukani. Meno mawili yamekwenda, mkono wa kushoto umevunjika. Gari la shirika lilimkimbiza hospitali. Baiskeli wakaja kuitupa mlangoni kwangu, karakana.

Sikuigusa. Nimeifunika turubai nikajifanya nina kazi nyingine. Malori ya chakula cha wakimbizi yamepita tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai. Nimechoka mimi.

Jumatano, 14 Juni

Bwana Idefonsi, mkubwa wetu wa usafiri, amekuja karakana mwenyewe. Mambo mawili. Kwanza, ameleta foku tatu za mfano kutoka Nairobi, zote za shokapu. Nizijaribu, niseme ipi ya kuaminika, iagizwe kwa baiskeli zote kumi na moja za wahudumu wa afya. Pili, niandike ripoti ya ajali. Akasema niandike tu ukweli, kwamba Priscila alipakia.

Ni kweli alipakia. Kwenye keria alikaa mama mkimbizi, Nyirabahizi, na mtoto mgongoni anayeharisha mpaka macho yameingia ndani. Aliwakuta wamekaa kando ya barabara, akawapandisha awapeleke zahanati. Wao waliangukia kwenye majani, wazima. Lakini kanuni ya shirika inasema mtu mmoja, baiskeli moja. Anayepakia akaanguka, kazi hana. Na mshahara wa Priscila ndio nyumba nzima ya kwao.

Nikajibu, "Sawa, bwana." Sawa! Sijui ilitokea wapi hiyo sawa.

Alhamisi, 15 Juni

Nimeifungua foku. Nilijua nitakachokikuta, ndiyo maana nilikuwa nazungukazunguka.

Foku hizi zilikuja na vipande vya mpira ndani ya miguu yake, ndivyo vinavyomeza mshtuko. Mwaka jana vilianza kukatikakatika. Niliomba vingine, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri, nikachoka. Sikuomba tena. Nikachukua kandambili za Koleta, mke wangu, zile za pinki. Nikanoa mdomo wa bomba, nikatoboa viduara, nikavipanga kimoja juu ya kingine mpaka mguu ukajaa. Foku ikanesa kama mpya! Za Koleta zilipokwisha nikanunua nyingine sokoni. Baiskeli sita nimezitengeneza hivyo. Bwana Idefonsi alinisifu mbele ya wageni, eti Laurian hashindwi na kitu. Hakuuliza nimeweka nini. Na mimi sikusema. Sifa tamu, jamani.

Leo nimekuta mguu wa kulia viduara vizima. Mguu wa kushoto ni unga. Unga wa pinki, umenijaa kiganjani. Mzigo ungekuwa ndio chanzo, miguu yote miwili ingelala pamoja. Ni kandambili. Ni mimi.

Nimeagiza zile tano nyingine zirudi leo hii hii. Nimesema ni ukaguzi. Wahudumu wamezileta wakinung'unika, kesho wanatembea kwa miguu. Mmoja kaniuliza, fundi, ukaguzi gani huu wa ghafla? Nikamwambia wa ghafla ndio ukaguzi.

Jumamosi, 17 Juni

Siku nzima na foku. Mgongo unauma.

Ya kwanza ni ya mpira, ndugu yake ile ile iliyovunjika. Nyepesi, inang'aa, kila mtu anayepita anaishika hiyo. Mpira wake ukiisha tutarudi kwenye kandambili. Nimeiweka chini.

Ya pili ni ya hewa na oili. Laini ajabu, ukiikalia hutaki kushuka. Nimeimwagia vumbi la barabara, nikaisukuma na kuiachia, kusukuma na kuiachia, mpaka mikono ikanitetemeka. Mchana oili ilianza kutoka jasho kwenye sili, ile pete ya mpira inayoizuia. Na pampu yake ni ya peke yake, sindano nyembamba, ikipotea hapa Ngara nani anayo? Chini nayo.

Ya tatu ni ya springi ya chuma. Nzito! Na sura hana, maskini. Nikaifunga kwenye baiskeli, nikakaza breki ya mbele, nikaisukuma mbele na nyuma. Haichezi hata kidogo. Inafunguka kwa spana ya kawaida, na chakula chake ni grisi. Nimependa.

Mlinzi wa geti akasema si mfunge foku ngumu zisizonesa, yaishe. Tulikuwa nazo zamani. Wahudumu walikuwa wanafika na mikono imekufa ganzi, hawawezi kushika sindano ya chanjo.

Karatasi ya shirika inasema zijaribiwe kwa uzito wa mtu mmoja. Mtu mmoja! Waliiandika watu ambao hawajawahi kupishana na mgonjwa njiani.

Jumapili, 18 Juni

Baada ya misa nilimwambia Koleta apande nyuma. Akanitazama na kitenge chake cha kanisani. "Si mmekataza kupakia?" Panda tu, mama.

Tumeshuka ule mteremko wenyewe, wa Bukiriro. Mara mbili. Watu wanacheka pembeni, fundi anamtembeza mkewe! Mawe yale yale. Springi ililala, ikainuka, ikalala, usukani umetulia mkononi. Koleta alinishika kiuno kwa nguvu, halafu akalegeza. Hiyo ndiyo foku. Hata Bwana Idefonsi akitaka nyingine, mimi nimemaliza.

Tulipumzika chini. Nikasema mwenyewe, hakuniuliza. Kwamba kandambili zake hazikuliwa na mbwa kama nilivyomdanganya.

Nilitegemea kelele, ningezipokea. Akaja kuuliza neno moja tu, "Priscila anajua?"

Kurudi alikataa kupanda. Tulitembea.

Jumatatu, 19 Juni

Nimekwenda kumwona Priscila. Kakaa nje ya nyumba yao, mkono kwenye plasta, mdomo umevimba. "Shikamoo, fundi." Nikasema marahaba, nikajisikia vibaya kuiitikia. Huyu binti hata mdomo hawezi kuufunga, bado ananipa heshima.

Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima. Kabla sijaanza, yeye akaanza kunishukuru! Kwamba foku yangu ndiyo iliyomwokoa, ingekuwa baiskeli nyingine angekufa pale pale. Na kwamba ameshamwambia Bwana Idefonsi fundi hana kosa, yeye ndiye aliyeizidishia mzigo.

Nikamuuliza kama anajuta kumpakia yule mama. Akashangaa. "Ningemwacha alale pale, fundi?"

Mtoto amepona, anasema. Anaanza kutembea.

Nilikunywa uji wao nikaondoka. Sikusema. Mwoga! Nina miaka arobaini na sita na nimeshindwa na binti wa ishirini na tatu mwenye plasta.

Jioni nimejaza ripoti. Foku ya kuaminika: ya springi ya chuma. Ijaribiwe kwa watu wawili, maana watakuwa wawili. Hiyo niliiandika bila kusita. Pale penye "Chanzo cha ajali" peupe.

Jumanne, 20 Juni

Peupe. Koleta anapita kwa miguu mitupu uani. Anazo ndala nyingine, nimeziona mlangoni.

Jumatano, 21 Juni

Naandikia gotini, kwenye benchi nje ya ofisi. Saa tatu. Bwana Idefonsi yuko ndani, barua ya kumwachisha kazi Priscila imeshapigwa chapa, inasubiri ripoti yangu tu iambatane. Karani ndiye kaniambia, kwa huruma, kana kwamba namwonea huruma Priscila tu.

Nimejaza. Neno moja, "Fundi." Halafu nimeona halitoshi, nimeongeza mistari miwili. Karatasi imekunjwa mfukoni. Bahasha ya ule unga na viduara vizima ninayo mkononi.

Priscila amefika, naye ameitwa. Amenisogezea nafasi, akafuta vumbi kwenye benchi kwa mkono wake mzima ili nisichafuke. Mimi, mwenye ovaroli la grisi!

Anauliza naandika nini. Nimesema mambo ya foku. Ameuliza kama imepatikana nzuri. Nimesema imepatikana, inabeba wawili. Akacheka, akaziba pengo la meno.

Basi. Nimempa bahasha. Nimesema fungua.

Amekitoa kimoja. Anakigeuzageuza. "Fundi, hii si kandambili?"

Nimesema ndiyo. Nimesema ilikuwa ndani ya foku yako.

Ndani Bwana Idefonsi anaita jina langu. Anaita mara ya pili. Priscila hanitazami. Ameshika kile kiduara, anakibonyeza kwa kidole gumba, kinazama, kinarudi. Naingia na karatasi yangu.